Manati ya Balozi

Mtaani kwetu Katubuka, ndege ilipokuwa inashuka kuelekea uwanjani, watu hawakutazama juu. Walimtazama Balozi.

Alikaa barazani kwake kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, redio ndogo mapajani, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayenong'onezwa siri. Ndege ikiwa bado ni mvumo tu huko ng'ambo ya vilima, yeye alikuwa ameshatoa hukumu. "Hiyo ya Dar es Salaam. Leo rubani ana haraka." Au, "Hiyo ndogo ya mashirika, ya mambo ya wakimbizi. Injini ya kushoto inakohoa." Hatukuwa na namna ya kuhakikisha afya ya injini ya kushoto, lakini ilipotokeza ikiwa ndogo kweli, nyeupe kweli, tulimwamini hata kuhusu kile kikohozi.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi yenyewe tunaijua: kupatanisha wagomvi, kumtambulisha mgeni, kujua nani kahamia na nani kahama. Wengine huifanya kwa kuguna. Yeye aliifanya kana kwamba katumwa na Umoja wa Mataifa na gari lenye bendera linamsubiri nje. Matawi ya mparachichi wa jirani yalipovuka ukuta wa jirani mwingine, wake wawili wa watu wakafikia kurushiana maji machafu, Balozi alifika na redio yake kwapani, akasimama ukutani katikati yao na kutangaza kwamba anga ni la mwenye ardhi iliyo chini yake. Parachichi likianguka lenyewe ni la aliye chini. Kuutikisa mti ni uchokozi. Wale wanawake walimtazama, wakatazamana, wakaanza kucheka, na ugomvi ukaishia hapo. Sijui kama walipatanishwa na sheria au na sura yake alivyokuwa akiitangaza.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa ugomvi wa mataifa makubwa, na ndani ya ugomvi huo, ndege zilizotunguliwa. Watu wengine hukumbuka mabao ya mpira. Balozi alikumbuka ndege gani iliangukia wapi, nani alikasirika, balozi wa nchi gani alifungashiwa mizigo yake. Simulizi aliyoipenda kuliko zote aliitolea kwenye sinia la chai, alasiri, mbele ya yeyote aliyekuwepo. Mara nyingi tulikuwa mimi, mjukuu wake Zuhura aliyekuwa rafiki yangu tangu tuko shule, na fundi cherehani mmoja mwenye kibanda sokoni Mwanga, aliyekuja kwa ajili ya chai na akabaki kwa ajili ya ubishi.

"Ndege hii hapa," alisema Balozi akiinua kijiko. "Ya Mmarekani. Inaruka juu, juu kabisa, inapiga picha nyumba za watu." Kijiko kilipita taratibu juu ya bakuli la sukari, ambalo ndilo lilikuwa Urusi, kwa sababu ndicho chombo kikubwa kuliko vyote. "Mrusi anarusha. Paa!" Kijiko kilizama kwenye sukari. "Mmarekani anaulizwa, ndege yako ilifuata nini huku? Anasema, aah, ile ilikuwa inachunguza hali ya hewa tu, ikapotea njia. Anadhani rubani kafa, nani atamsuta? Mrusi kanyamaza, anamwacha aukoleze uongo wake. Ukishakolea, anafungua mlango. Rubani huyu hapa, mzima, anakula mkate!"

"Balozi, kwani wewe ulikuwepo?" fundi cherehani aliuliza kila mara.

"Redio ilikuwepo. Inatosha."

"Na huo mkate uliuonaje redioni?"

"Wewe suruali ya mwalimu umemaliza kushona?"

Fundi alinywea. Simulizi iliendelea. Wakubwa wakakutana Paris, hapo kando ya bakuli, kuzungumza amani. Mrusi akasema, kwanza uombe radhi. Mmarekani akakataa, mkutano ukavunjika, kila mmoja akarudi kwao. Hapo Balozi alikitoa kijiko kwenye sukari, akakitazama kwa huzuni, akakilamba.

"Neno moja," alisema. "Dunia nzima imekaa miaka inatetemeka kwa kukosa neno moja, ambalo mtoto wa chekechea analijua."

Kutokana na simulizi hiyo, uongo wote mtaani kwetu ulipata jina. Mimi na Zuhura tukichelewa kurudi kutoka Mwanga tulikokuwa tunashika vitenge tusivyo na mpango wa kununua, tukasema kwa nyuso za huruma kwamba tulikwama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, yeye hakufoka. Aliiambia redio, "Hali ya hewa." Fundi akisema nguo itakuwa tayari Jumamosi, wateja wake walimjibu, "Hali ya hewa, fundi." Na ile siku redio iliposema Wamarekani wametungua puto la Wachina, na Wachina wanasema lilikuwa la kuchunguza hali ya hewa, Balozi alitoka hadi barabarani na kanzu yake ya nyumbani, akicheka, anafuta machozi, anamsimamisha kila mwenye bodaboda. "Wamerudia! Uongo ule ule! Hata kuubadilisha rangi hawakuubadilisha!" Mkewe ilibidi amfuate na kikombe cha maji.

Mkewe tulimwita Bibi. Alikuwa Muha wa Kasulu, mfupi, mwepesi, mwenye sauti iliyoweza kumfikia mtu akiwa Ujiji. Hakuwa na heshima yoyote kwa siasa za dunia. "Balozi wa nchi gani asiyejua chumvi imeisha?" aliuliza kutoka jikoni, na mkutano wa Paris ukaahirishwa mpaka mtu aende dukani.

Kulikuwa na ndege mbili ambazo hakuzisimulia kwa kijiko. Zilikuwa za abiria. Moja ilipotea njia ikaingia anga la Mrusi, akaitungua. Nyingine ilikuwa inapita zake kule Ghuba, Mmarekani akaitungua. Alipozifikia hizo alizima redio kwanza, hata kama ilikuwa katikati ya mpira.

"Mmoja alisema alidhani ni ya upelelezi. Mwingine alisema alidhani ni ya kivita. Alidhani!" Neno hilo alilitamka kama mtu aliyeuma kijiwe ndani ya ubwabwa. "Watu walikuwa na watoto wao mapajani humo ndani. Kabla hujarusha, uliza, wewe ni nani? Asipojibu, uliza tena."

Haikuwa simulizi tu. Nilimwona kwa macho yangu akiiishi. Siku moja, jua likiwa kichwani, mtaa mzima ulimkimbiza mtu mgeni aliyeonekana akichungulia nyua za watu. Walimbana kwenye ukuta wa Balozi, mawe mkononi, na kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake arushe la kwanza. Balozi akatoka. Akajipenyeza, akasimama mbele ya yule mtu, mgongo wake umemgusa kifua, akauliza bila kugeuka, "Wewe ni nani?" Mtu hakujibu. Akauliza tena. Yule mtu alikuwa anatetemeka mno, Kiswahili chote kimemtoka, akaanza kubabaika kwa Kiha. Bibi ndiye aliyemwelewa kutoka dirishani. "Yoo, mawe! Huyu ni mzee wa watu katoka Kasulu, anatafuta nyumba ya binti yake kajifungua!" Gunia lake la maharage walilikuta chini ya mparachichi. Mawe yaliwekwa chini moja moja, kimya kimya, kama watu wanaorudisha vyombo vya kuazima. Binti mwenyewe alikuwa nyumba ya nne kutoka pale.

Mtu huyo huyo wa amani alitembea na manati mfukoni.

Aliiita silaha ya kujihami. Ilikuwa ya mti wa mpera, mipira yake imekatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na adui yake alikuwa mmoja tu, mwewe. Balozi alipenda migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyokaushwa kwa mikono yake mwenyewe. Aliinunua mibichi ziwani, akaipasua, akaitandaza kwenye wavu juu ya banda la kuku, uani. Mwewe naye aliipenda vivyo hivyo. Alikuja, akasimama hewani bila kupiga bawa, akachagua, akashuka. Balozi alirusha. Balozi alikosa. Ugomvi huo ulidumu muda mrefu kuliko wa Mrusi na Mmarekani, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kuona unyoya hata mmoja ukidondoka.

Tulisema mkono wake umezeeka. Tulikuwa tunakosea kiungo. Magazeti nilimsomea mimi, kwa sababu miwani yake ilikuwa kwa fundi wa miwani. Sura za watu hakuzitaja, alitaja hatua zao. "Karibu, mwalimu," alisema, na mwalimu yuko bado upande wa pili wa barabara, anaburuta kiatu. Tulishangaa alivyo na masikio ya ajabu. Hakuna aliyejiuliza ni fundi gani anayekaa na miwani ya mtu tangu tuko sekondari.

Sasa nije kwenye harusi.

Zuhura alichumbiwa na kijana wa Bangwe, mpole, fundi wa mashine za boti. Siku ya kuletwa sanduku la zawadi za bibi harusi, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, masinia kichwani, khanga na viatu na manukato vimepangwa kama maua, ngoma mbele. Sisi tulikuwa uani na Zuhura. Alikuwa ameshawekwa ndani, hakuna mwanamume wa nje aliyeruhusiwa kumwona mpaka ndoa ifungwe. Tulikuwa tunamsinga, mabega wazi, hina mbichi miguuni, akina shangazi wanacheza kwa raha ambazo huchezwa tu palipo na wanawake watupu. Ngoma ya nje na ngoma ya ndani zilikutana ukutani. Hata kujisikia ukizungumza ilikuwa kazi.

Ndipo kivuli kikapita kwenye mkeka. Nikatazama juu. Kidude cheusi kilikuwa kimesimama hewani juu ya banda la kuku, kinatutazama kwa jicho moja la kioo. Ilikuwa droni. Shabani, mdogo wake bwana harusi, ndiye aliyekuwa mpiga picha.

Kabla sijapiga kelele, jiwe lilipita. Droni ikayumba, bawa moja likakatika, ikaangukia kwenye migebuka. Na upande wa pili wa ukuta, mahali tulipoegemea mimi na Bibi, nikasikia sauti ya Balozi, yenye furaha ya mtu aliyesubiri miaka, "Leo nimekupata, mwizi wa migebuka!"

Mimi na Bibi tulitazamana. Wengine hawakusikia, ngoma ilikuwa kubwa. Wao waliona jambo moja tu, kwamba jicho la wanaume liliingia uani na Balozi kaliangusha. Vigelegele vilipasuka. Mashangazi walimtungia beti papo hapo, simba wa Katubuka, mlinzi wa mabinti. Alipoletwa mlangoni na kuelezwa alichokitungua, nilimwona akifungua mdomo. Kisha beti zikarudiwa, kwa sauti tatu, na mdomo ukajifunga. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, kama marais wanavyofanya.

Nje, upande wa Bangwe haukuona hivyo. Mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu wa kofia ya kufuma aliyewasindikiza wanawake, aliipokea droni ilipotolewa uani, akaifunga kwenye khanga mpya iliyokuwa ya Zuhura, akaibeba kwa mikono miwili kama maiti. "Mama zetu wanapigwa mawe mlangoni kwenu," alisema. "Sanduku linarudi Bangwe." Na likarudi. Masinia yaligeuka vichwani, ngoma haikupigwa.

Jioni Zuhura alimwendea babu yake barazani. "Babu, sema neno moja tu. Wanataka neno tu."

"Nchi haiombi radhi kwa kulinda anga lake," Balozi alisema, na hakumtazama.

Asubuhi mjomba alikuja na Shabani na wazee wawili. Bibi aliwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kama hakuna kilichotokea, akawakalisha sebuleni. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Zuhura alinishika mkono, kiganja chake kimekauka kwa hina, na alikuwa anabana kadiri ya maneno yaliyokuwa yanasemwa.

"Hatukuja kudai chombo," mjomba alisema. Droni iliwekwa mezani, ndani ya khanga yake. "Chombo ni vyuma na plastiki. Tumekuja kusikia neno. Tukilikosa, mzee wangu, tutaagana kwa amani na kila mtu atatafuta wakwe kwingine."

"Anga..." Balozi alianza.

"Anga gani! Sisi tumeleta khanga, hatukuleta makombora."

"Na lile jicho juu ya uani wetu?" shangazi alidakia kutoka kwetu. "Nalo ni khanga?"

"Ulikuwa upepo, mama," Shabani alisema haraka. "Upepo wa ziwani, mnaujua wenyewe. Uliisukuma."

"Hali ya hewa!" pazia zima lilijibu kwa pamoja. Tulicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Mjomba hakujua tunachekea nini. Alishika magoti yake, dalili ya mtu anayetaka kusimama.

Bibi akaingia na chai. Aliweka sinia mbele ya Balozi: vikombe, bakuli la sukari, kijiko. Na kando ya bakuli, mahali ambapo Paris huwa, aliweka miwani. Fremu ya kahawia, vioo vizima, inanuka dawa ya nondo ya sandukuni. Alirudi jikoni.

Balozi aliitazama miwani kwa muda ambao chai iliweza kutulia. Kisha akaivaa. Aliitazama droni. "Kumbe ina miguu minne," alisema. Akainua uso kwa Shabani. "Na wewe kumbe ndevu bado."

Shabani alijishika kidevu.

"Jana ngoma ilikuwa kubwa," alisema. "Sikusikia kitu. Niliona kitu kimesimama juu ya samaki wangu. Sikuuliza." Alikichukua kijiko, akakirudisha. "Nilidhani ni mwewe."

Wageni walisikia sentensi ya kuchekesha. Sisi wa mtaa ule tulisikia kitu kingine. Nilimwona fundi cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni kama shahidi wa kujialika, akivua kofia yake.

"Mwewe?" mjomba aliuliza.

"Babu," Shabani alisema, "mwewe gani ana taa nyekundu?"

"Ndiyo maana naomba radhi. Taa sikuiona. Hata wewe hapo ulipo, mpaka sasa nilikuwa nakujua kwa harufu ya marashi tu. Macho yameondoka zamani, nikaogopa kusema. Nisameheni. Nilirusha bila kuuliza."

Nyuma ya pazia shangazi mmoja alishika kichwa. "Mungu wangu! Na zile beti zote tumeimba bure!"

Ni hapo mjomba alipocheka. Alianza kwa kukohoa, kisha kofia ikasogea, kisha akashindwa kujizuia. Alipopumua alimgeukia mpwa wake. "Na wewe? Upepo?"

Shabani alitazama viatu vyake. "Haukuwa upepo, Mjomba. Nilitaka picha ya ua kutoka juu, na rangi zile za khanga. Sikufikiria waliomo ndani. Samahanini, mama zangu." Picha alizifuta mbele ya shangazi yule yule, ambaye alisimamia kila moja inavyopotea na kusikitika kidogo kwa ile aliyotoka vizuri.

Alasiri sanduku lilirudi. Ngoma tulianza kuisikia likiwa bado mbali, na Balozi, barazani, akainamisha kichwa. "Hao wa Bangwe," alisema. "Safari hii wote wako chini."

Nilimwona mara ya mwisho masika yakielekea kuisha. Nilikuwa nimekuja nyumbani mara moja, nikamkuta kwenye kiti chake, mguu ule ule na waya ule ule. Zuhura alikuwa amewaletea mtoto, analala ndani. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso.

"Shikamoo, Babu. Iko kwa fundi?"

"Marahaba. Inapumzika," alisema. "Haioni kitu tena, hiyo. Mimi na yeye tumechoka pamoja." Tukahamia uani, akanisogezea kigoda karibu na samaki. Manati ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa banda la kuku, na kuku mmoja alikuwa anadonoa mpira wake.

Ndege ilivuma ng'ambo ya vilima. Nilisubiri. "Hiyo ni nini?" akaniuliza mimi. Sikujua, na nilisema sijui, akatikisa kichwa akiwa ameridhika, kana kwamba nimejibu vizuri.

Kisha kivuli kikapita kwenye wavu. Nilimwona vizuri, mwewe mkubwa, mbawa zimetulia, anachagua. Balozi alikihisi kile kivuli usoni. Akainua uso kwenye mwanga.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Mwewe alizunguka.

"Nasema, wewe ni nani?"

Mwewe alishuka, akachukua mgebuka mnono kuliko yote, akaondoka nao kuelekea ziwani.

"Amechukua?" Bibi aliita kutoka jikoni.

"Amechukua."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini hapo?"

"Nilikuwa bado namuuliza," alisema Balozi.